Mvua ya Bomba kwa Wakwe

Jumatano, 2 Januari 1974

Hii diari nimepewa na Mhindi wa spea kule Kisii mjini. Panya ilikuwa imekula kona moja, ndiyo maana akaona inanifaa. Naandika Kiswahili, kile kidogo nilitoka nacho darasa la nne. Ningeandika Kigusii, vile nimekasirika, karatasi ingeshika moto.

Maneno ni haya. Gesare mke wangu amerudi kwao. Hakupiga kelele, na mtu akikosa kupiga kelele hapo ndipo uogope. Aliweka mtungi wa maji kwa mlango akaniambia, "Huu sasa ni wako, Onchiri," akashika njia. Mtungi ulikuwa mtupu.

Kwao si mbali, ni hapo juu ya soko la Ikonge, kwa ile nyumba ya mawe mzungu mmoja wa kahawa aliiacha wakati wa uhuru. Baba yake, mzee Josiah Nyamweya mwenye duka la nguo, ndiye aliinunua. Leo nimeenda kuuliza mke wangu. Mzee amenipokea nje, tumesimama. Akanionyesha nyasi mbele ya nyumba. Imekauka kama mkeka wa zamani.

"Unaona hiyo? Mzungu alizika mabomba chini yake. Alikuwa anafanya mvua yake mwenyewe wakati wa jua. Binti yangu Persis anaolewa tarehe ishirini na nne ya Machi. Wakwe kutoka Nyacheki watakaa juu ya nyasi hiyo. Wewe omoko, si unasema unatengeneza kila kitu?"

Omoko kwa Kigusii ni mkwe; mimi namwita tata, yaani baba. Akiniita hivyo najua hajafurahi.

"Kila kitu, tata. Hata ndege, ikianguka karibu."

"Basi rudisha hiyo mvua. Nyasi ikiwa kijani siku hiyo kwa kazi ya mkono wako, tutaketi tuongee mambo ya mke wako. Isipokuwa hivyo, usinijie hapa."

Nikamwambia hiyo mashine naijua tangu zamani. Sijawahi kuiona.

Alhamisi, 3 Januari

Nimeteka maji mwenyewe mtoni. Wanawake wamecheka mpaka mmoja ameketi chini. "Onchiri, jifunge leso bwana! Onchiri, umeolewa na nani?" Nikawaambia nimeolewa na mtungi, na hausemi ovyo kama wao. Nimepanda ule mlima na debe begani, maji ikinimwagikia kwa mgongo. Nimefika na nusu.

Jumapili, 6 Januari

Nimeanza. Tangi iko juu ya kilima nyuma ya nyumba, inajazwa na ile pampu ya kijito inajipiga yenyewe ko! ko! ko! bila mafuta. Kutoka tangi paipu inashuka, inapita upande wa nyumba, inatokea kwa nyasi. Huko chini ya nyasi kuna vichwa vya shaba vinazunguka na kutema maji. Nimevitafuta kwa miguu kama kuku anatafuta mchwa. Vingine vimemezwa na nyasi kabisa. Kimoja ng'ombe amekikanyaga, kimelala kama mlevi wa Krismasi.

Nimefungua kimoja nikakuta konokono ndani. Amejenga. Nikamtoa, nikamwambia, wewe angalau umekaa na nyumba yako.

Gesare sikumwona. Nimepiga mluzi siku nzima ndiyo ajue niko.

Jumanne, 8 Januari

Nimetoa mchanga kwa vichwa na spoku ya baiskeli. Springi zilizovunjika nimeweka za kiti cha baiskeli. Raba za koki nimekata kwa tyubu.

Jumamosi, 12 Januari

Sabato. Watu wa mzee ni Waadventista, hakuna kazi. Mimi nimefua shati na maji ya kukopa.

Jumatatu, 14 Januari

Leo nilikuwa nakaribia kuwa mtu mkubwa. Nimepanda kwa tangi, nimetoa majani na vyura kwa chujio, nimefungua koki. Nikiwa juu kule nimeona kwa macho yangu: vichwa vyote vimeinuka, vimeanza kuzunguka tss-tss-tss, maji inang'aa kwa jua, mtoto wa jirani anakimbia katikati. Nikapiga kelele kama mtu amepata mtoto wa kiume. Nikakimbia chini.

Nilipofika kwa nyasi vimekufa. Vyote. Vinatoa mate kidogo, halafu basi.

Nimerudi juu. Koki iko wazi, tangi imejaa. Nimeshuka. Nimegonga paipu. Nimelala chini nikasikiliza na sikio kama daktari. Mzee Nyamweya amesimama na fimbo yake ananiangalia.

"Si ulisema unaijua?"

"Inanijaribu tu, tata. Ni kama ng'ombe mgeni."

Nimetoka bila kufunga koki ya juu, kwa hasira.

Jumanne, 15 Januari

Nimefika asubuhi nikakuta nyasi imelowa, inadondosha maji. Mama mkwe, mama Jemimah, amesimama kwa veranda, mbali vile anapaswa. Akasema akiangalia mti, "Jana jioni ilinyesha vizuri sana. Tangu ulipotoka mpaka tukafunga kule juu."

Nimefungua tena. Nikiwa kule juu, inafanya. Nikifika chini, imekufa.

Nimerusha spana. Imeangukia mguu wangu mwenyewe.

Ijumaa, 18 Januari

Ni vilevile. Nikitoka inafanya kazi.

Jumatatu, 21 Januari

Manasseh, yule tunapakana kibanda sokoni, anashona viatu, amepata habari. Sijui nani alimwambia. Amekaa juu ya pipa langu kama kawaida yake, akaanza.

"Watu wa Ikonge, njoni muone mtu anakausha maji na macho! Onchiri, usipite karibu na ng'ombe wangu, nakamua jioni."

Wamecheka soko lote. Mama mmoja wa ndizi akaniambia nisimame mbali na debe yake. Mimi ndiye huwa nachekesha hapa. Ndiye huwa naanza. Leo nimekaa kama jiwe natengeneza baiskeli ya pasta, na nimekaza nati mpaka imevunjika.

Jumatano, 23 Januari

Nimeteka maji. Mto umeanza kuwa mwembamba. Unangojea debe ijae kama unangojea mshahara.

Jumanne, 29 Januari

Nimesema hii ni paipu imepasuka mahali. Nikisimama juu ya nyasi uzito wangu unafungua ufa, maji inapotelea chini. Nikiondoka inajifunga. Nimeeleza mzee hivyo. Ameniangalia kuanzia kichwa mpaka viatu.

"Kwa hivyo dawa ni wewe usiwe na uzito?"

"Dawa ni kuchimba, tata."

"Chimba. Lakini urudishe nyasi vile ilikuwa."

Nimechimba mtaro wa kwanza. Ardhi imekauka, jembe inaruka. Kila maungio nimefungua, nimezungusha uzi wa katani na rangi, nimekaza. Hakuna ufa. Paipu ya huyo mzungu iko sawa kuliko mimi.

Nikichimba nimemwona Gesare mara ya kwanza. Alipita na beseni ya nguo. Nikasema, "Gesare." Akasema, "Endelea, utapata." Akaingia ndani. Nilifikiri ananitia moyo. Nimechimba mpaka jioni nikiimba.

Jumatatu, 4 Februari

Mkono umetoa malengelenge. Hakuna ufa.

Alhamisi, 7 Februari

Nimepata akili. Kule Kisii mjini niliona fundi mmoja akitafuta maji inapopotelea kwa kuweka rangi. Sasa mimi nimenunua buluu ya kufulia nikamwaga kwa tangi, yote. Kesho popote ardhi itakuwa ya buluu, hapo ndipo adui yangu analala.

Ijumaa, 8 Februari

Hata kuandika sitaki.

Sikujua tangi ile ile ndiyo inaenda kwa nyumba. Nimefikiria nyasi tu. Na Ijumaa ndiyo siku wanajitayarisha Sabato, mama Jemimah amelowesha nguo zote nyeupe za kanisa. Alipiga kelele nikamsikia nikiwa kilimani. Nilipofika, kamba yote ni mbingu. Shati za mzee, mbingu. Kitambaa cha meza ya Bwana, mbingu. Uji ulikuwa wa buluu. Mzee alikuwa ameshika kikombe hicho, hajui akimwage ama ampe mbwa, na mbwa amekataa.

"Omoko," akasema pole pole, "wewe ulitumwa na nani?"

Ndani nilisikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Najua hiyo kicheko. Nimelala nayo kitanda kimoja. Mtu wa nyumba yangu mwenyewe ananicheka!

Na kwa nyasi? Hata tone moja ya buluu sikuona. Nikauliza mzee, "Tata, hii paipu ikifika kwa nyumba inapita wapi kabla ya kutokea kwa nyasi?"

Mzee akakohoa. Akaangalia mawingu ambayo hayakuwapo. "Mambo ya ndani yako sawa," akasema. "Wewe fanya ya nje." Akaenda zake.

Hiyo nimeelewa. Sisi Wagusii tuna chinsoni, hiyo heshima ya wazazi na watoto na wakwe. Mkwe anaishia sebuleni. Habari ya kitanda hataji, habari ya bafu hataji, na wao hawamtajii. Hata dirisha za upande ule wa nyumba mimi siangalii. Nikipita hapo nageuza shingo kama mtu amelala vibaya. Sawa, nimeheshimu. Lakini paipu haijui chinsoni!

Jumamosi, 9 Februari

Sabato. Nasikia walienda kanisa wakiwa buluu wote, na kwaya ikadhani ni yunifomu mpya.

Ningecheka kama ingekuwa mtu mwingine.

Jumatano, 13 Februari

Mzee ameniita kando. Nyasi imeanza kurudi. Iko kijani chini chini, unaiona ukiinama. Mimi nikafurahi.

"Iko kijani," akasema. "Lakini kwa kazi ya nani? Ukiwa hapa ni kavu. Inanyesha ukienda kwenu. Sasa nikupe mke kwa kazi gani, omoko? Kwa kazi ya kwenda kwenu?"

Nimetembea mpaka nyumbani nikitafuta jibu, na nikipata moja nzuri sana hakuna mtu wa kuambia.

Jumatatu, 18 Februari

Nimeteka maji. Mto ni matope. Yule mwanamke alikuwa anacheka sana mwezi uliopita ameniuliza, bila kucheka, "Na huko kwa mkwe wako mnamwagia nyasi?" Nimejifanya sijasikia. Nimebeba debe yangu.

Alhamisi, 21 Februari

Jua. Mtaro wa tatu. Hakuna ufa.

Jumatatu, 25 Februari

Jua. Nimebadilisha raba zote tena. Nimenyoosha kichwa kimoja kilikuwa kinatemea ukuta. Nimekata nyasi kuzunguka kila kimoja na kisu. Nimefungua mwisho wa paipu, uchafu wote ukatoka, na panya moja amekauka. Mashine safi kama kijiko cha bibi arusi. Nikisimama mbele yake, kavu.

Alhamisi, 28 Februari

Leo nitaandika yote kwa sababu sitapata usingizi hata nikijaribu.

Nimeamua kufuata paipu kutoka kilimani na jembe, hatua kwa hatua, macho chini, mpaka ninapokutana na shida. Mtu mwenye hasira ndivyo anachimba. Sikuinua kichwa. Nimekata maua ya mama Jemimah, nikasema nitapanda tena. Nimepita jiko, nikakata kona. Paipu inaenda, mimi nafuata, narusha udongo nyuma kama mbwa. Paipu ikageuka ikaingia ukuta. Nikapiga jembe hapo chini ya ukuta, mara mbili, kwa nguvu.

Dirisha ndogo juu ya kichwa changu ikafunguka.

"Ni nani hapo?"

Nikainua kichwa.

Ilikuwa mama Jemimah. Alikuwa na sabuni kwa nywele yote na kwa macho. Mimi sikuona kitu! Nimeona sabuni. Naweza kuapa mahali popote. Nimeona sabuni na bega moja. Lakini bega ya mama mkwe ni bega ya mama mkwe.

Akapiga kelele. Mimi nikapiga kelele kuliko yeye. Nikaruka nyuma na nikasahau nimechimba mtaro. Nimeanguka ndani ya mtaro wangu mwenyewe mgongo chini, jembe juu yangu, na maji ya sabuni ikanimwagikia, kwa sababu bomba ya uchafu nilikuwa nimeikata pia.

Wametoka wote. Mzee na fimbo. Ndugu yake, mzee Ratemo, alikuwa amekuja tu kunywa chai. Persis na mikono kwa mdomo. Gesare amesimama nyuma yao, na siku hii hakucheka. Alikuwa ameshika kifua.

"Amefanya nini?" mzee Ratemo akauliza.

Nani atasema? Wote wameangalia dirisha, halafu wakaacha kuangalia dirisha, halafu wakaniangalia mimi na povu kwa sikio. Mzee Ratemo akaelewa. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni mbuzi," akasema.

"Ratemo," mzee Nyamweya akasema, "mimi ni mzee wa kanisa. Hatufanyi matambiko hapa."

"Sijasema matambiko. Nimesema mbuzi."

Wakabishana hapo, mimi nikiwa bado ndani ya mtaro. Mmoja anataja Biblia, mwingine anataja baba yao. Mwisho wamepatana: mbuzi italetwa, italiwa, na pasta ataiombea, na hakuna mtu atasema ni ya nini. Na mimi nisikanyage hapo tena mpaka siku ya arusi, na siku hiyo nikae na watu wa mwisho.

"Na mke wangu?" nikauliza. Nimesimama sasa, matope inadondoka.

Mzee Nyamweya hata fimbo hakuinua. "Wewe unauliza mke leo?"

Nimetoka. Nimepita kwa geti. Nyuma yangu nikasikia tss-tss-tss. Sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na mimi silii mbele ya nyasi.

Ijumaa, 1 Machi

Nimepeleka mbuzi. Ilikuwa hiyo moja tu nilikuwa nayo. Nimefunga kwa geti, nikarudi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeteka maji.

Jumapili, 10 Machi

Manasseh amepita kwa mzee na viatu vya arusi. Amerudi macho makubwa. "Onchiri, hiyo nyasi! Ni kijani mpaka inaumiza macho. Vile vitu vinazunguka mchana kutwa kama watoto wamefunga shule. Ulifanyaje?"

"Nilikaa kwangu."

"Kweli una kipawa," akasema, akapanda juu ya pipa langu. Nimemwambia ashuke. Nimemwambia asikae tena juu ya pipa langu mpaka afe. Amefikiri natania.

Jumatano, 13 Machi

Mzee, mama Jemimah na Persis wamepita sokoni na gari ya kukodi, wanaenda Nyacheki kumaliza maneno ya arusi. Nikajua nyumba haina mzazi. Nimefunga kibanda, nimeenda. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu niangalie hiyo nyasi uso kwa uso tugombane.

Nimesimama barabarani, nje ya geti. Inanyesha. Vichwa vyote vinazunguka, yaani kazi yangu yote inacheza pale.

Nimeweka mguu mmoja ndani ya geti. Ikafa.

Nimetoa mguu. Nimengoja. Tss-tss-tss.

Nimeweka mguu. Ikafa.

Nimetoa. Tss-tss.

Nimeweka mguu, nimetoa, nimeweka, haraka haraka kama mtu anacheza ngoma, na maji inafuata: inakuja, inakufa, inakuja, inakufa. Halafu nikasikia. Kicheko. Hiyo inafika mpaka kukohoa. Inatoka kwa ile dirisha ndogo, ile ile, upande siangaliagi.

Nimeenda mbio mpaka pale. Nimesimama nimegeuza mgongo kwa dirisha.

"Gesare!"

"Usitaje jina langu hapa. Ni bafu ya mama yangu."

"Koki iko huko?"

"Iko hapa, chini ya dirisha. Mzungu alikuwa anaifungua akinyoa ndevu, anaangalia mvua yake."

"Tangu lini unafunga?"

"Tangu siku ya kwanza, ulivyoshuka kutoka kilimani ukipiga kelele kama umeumba maji."

"Na baba yako anajua koki iko hapo?"

"Kila mtu anajua iko. Hawajui tu naifunga. Lakini nani angekuambia wewe, mkwe, habari ya bafu?"

Nimeshika ukuta. Nimefikiria mitaro. Nimefikiria buluu, mbuzi, soko lote linaniita mkausha maji. "Nimechimba boma yote ya baba yako!"

"Nimeona. Kumbe unajua kuchimba. Hata ukafika kwa mama."

"Hiyo si ya kucheka."

"Hiyo sikucheka. Hiyo niliogopa." Akaja karibu na dirisha. "Lakini kule kwetu, Onchiri, tangu unioe, sijaona jembe yako ikitafuta maji. Uliniambia nikiwa bibi arusi, 'Hii nyumba ya mabati nitaiwekea gata kwa paa, mvua itaingia kwa pipa, hutashuka mtoni.' Umewekea pasta gata. Umewekea mwalimu. Umewekea Manasseh, na Manasseh hana hata bibi! Mimi nabeba mtungi napita chini ya hizo gata zako, watu wananiambia bwana yako ni fundi."

"Si nilisema nitaweka."

"Na mimi nilisema endelea, utapata."

"Kwa hivyo ulitaka nini?"

"Nilitaka usimame mahali maji iko, uione, na ikukatae. Umeona vile inafanya kwa moyo?"

Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumjibu, mabaya na ya kuchekesha. Nimeyabeba yote. Nimetoka mpaka barabarani. Alifungua tena. Hata hakungoja nifike mbali.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekasirika. Mke gani anafungia bwana yake maji mbele ya baba yake?

Ijumaa, 15 Machi

Bado nimekasirika. Nimekata mabati nikiwa nimekasirika. Hii si kwa sababu yake. Yale mabati yalikuwa tu yanalala nyuma ya kibanda, yananiudhi.

Jumapili, 17 Machi

Nimepigilia gata upande wa mbele. Misumari mitatu imepinda, nimeitukana moja moja. Manasseh amekuja kuuliza pipa lake liko wapi. Lake! Nimelisafisha na majivu na mawe mpaka harufu ya dizeli ikatoka, nimelipandisha juu ya mawe nyuma ya jiko.

Jumatano, 20 Machi

Mawingu. Nimetoboa ukuta wa jiko. Paipu inatoka kwa pipa inaingia ndani, koki iko juu ya mahali Gesare anapikia. Alikuwa anapikia.

Hakuna maji bado. Pipa linalia kama kengele ukiligonga.

Jumapili, 24 Machi

Arusi. Nimekaa na watu wa mwisho, karibu na mti wa ndizi, na suti ya ndugu yangu. Nyasi ni kijani kama kitambaa kipya. Wageni wa Nyacheki hawakutaka kukanyaga, wamevua viatu. Nimesikia mmoja anauliza, "Hii ni kazi ya nani?" na mzee Nyamweya akasema, "Ni ya Mungu." Nimemeza wali bila kutafuna.

Mama Jemimah akipita na sahani ya mboga amesimama mbali, akaangalia mti wa ndizi. "Mtu wa bomba amepata nyama?" akaambia mti. Mti umesema asante.

Katikati ya keki, mbingu ikafunguka. Si manyunyu, ni masika yenyewe. Meza zimeanguka, kofia zimeruka, wakwe wa Nyacheki wamejazana kwa sebule na veranda, na mimi nimebaki nje, kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa na huko si kwangu. Nimesimama juu ya hiyo nyasi mvua ikinipiga. Hii hakuna mtu wa kunifungia.

Mzee amekuja kwa mlango wa veranda. Nikamfuata chini ya paa. "Tata, nyasi ni kijani. Ulisema tutaketi."

Akaangalia mvua. "Nilisema kwa kazi ya mkono wako, omoko. Sasa nani anaweza kujua?"

Nilikuwa karibu kumwambia. Nilikuwa na bafu, koki, binti yako, yote kwa ulimi. Nyuma yake Gesare alikuwa ameshika sahani, ananiangalia. Kama ningesema, mzee angepata aibu mbele ya wageni, na yeye pia.

"Hata mimi sijui, tata," nikasema. Na nikaenda. Nimetukana kila jiwe la njia.

Jumanne, 26 Machi

Mvua imenyesha tangu Jumapili. Pipa limejaa jana, likafurika.

Leo mchana nilikuwa jikoni napika ugali wangu, imeshika mabonge. Mlango ukafunguka. Gesare, viatu mkononi, matope mpaka magoti, mfuko kwa kichwa. Hakusalimu. Alitoka tena, akazunguka nyumba. Nimesikia akigonga gata na kijiti, kona hii, kona ile. Akagonga pipa: halikulia, limejaa. Akarudi ndani, akaweka mfuko chini. Hakuna mtu amemtuma, hakuna mzee ameketi. Hiyo nimeona.

Amefungua koki. Ikatoa kutu kwanza. Akangoja. Ikawa safi. Akanywa kwa mkono.

"Inavuja hapa chini," akasema.

"Najua."

"Utatengeneza lini?"

Nilitaka kusema kesho. Ameniangalia. Nimechukua spana.

Nimelala chini ya koki kwa mgongo, na yeye amesimama juu yangu ameishika.

"Funga," nikamwambia. Akafunga. Nimekaza nati.

"Nimekaza. Ngoja nitoke, halafu ufungue pole pole."

Amefungua yote, nikiwa bado na uso hapo chini.

Amecheka mpaka amekohoa. Mimi nimelowa mpaka kaptura, na ugali imeungua. Nimekasirika sana. Koki haivuji.